Ami na Mjomba

Mama yangu alipoishiwa mafuta ya taa hakusema niende dukani. Alinipa chupa tupu na sumuni, akaniambia: "Kimbia kwa Ami, akupimie nusu chupa. Na ile sukari ya juzi mwambie aiandike." Hapo ni Mlandizi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, paa la bati, na baraza ya saruji iliyong'aa kwa kukaliwa na wazee. Kaunta ya mbao ilikuwa na kishimo pale sarafu zilipopokelewa, kimechimbwa na vidole vya miaka mingi. Nyuma yake palining'inia mizani, na chini ya mizani lilikaa daftari refu, jembamba, lenye mgongo mwekundu.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

Kisha alilifungua daftari akaandika kutoka kulia kwenda kushoto, nami nikanyanyuka kwa ncha za vidole ili nione. Kwa muda mrefu niliamini kwamba ami ni jina la kazi, kama fundi au karani: mtu anayepima mafuta na kuandika madeni. Katika chuo cha Kurani ndipo mwalimu wetu aliponifahamisha kuwa ami ni ndugu wa kiume wa baba. Nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa. Baba yangu hakuwa na ndugu Mwarabu.

Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba Uzaramo wetu, tangu milima ya Pugu na Kisarawe hadi bonde la Ruvu, ulikuwa umempa mgeni yule nafasi katika ukoo, tena kwa uangalifu mkubwa. Aliitwa ami. Hakuitwa mjomba. Kwa Wazaramo tofauti ya maneno hayo mawili si ndogo, na ndani yake yamo karibu yote ninayotaka kuyasema.

Tusemapo "Mwarabu" tunafunga watu wengi katika kanga moja. Wenye vijiduka vya Uzaramo hawakuwa wale mabwana wa Unguja wenye mashamba ya mikarafuu. Walikuwa wa aina mbili. Wapo Wamanga, waliotoka Oman. Manga ni jina la zamani la Kiswahili la nchi za Arabuni, lile lile lililobaki katika pilipili manga na njiwa manga. Na wapo Washihiri, watu wa Hadhramaut, walioitwa kwa jina la bandari yao ya Shihr, hata kama wengine hawakuzaliwa bandarini bali kwenye mabonde makavu ya ndani. Mshihiri mwenyewe akijitaja alitaja bonde lake na ukoo wake, na mara nyingi jina la ukoo lilianza na "Ba". Sisi tulimwita kwa bandari aliyopandia jahazi.

Walikuja na kaskazi. Kuanzia Disemba upepo ule ulileta majahazi yaliyosheheni tende, chumvi na papa mkavu, na ulipogeuka kuwa kusi yakarudi na boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji. Baharia Mwaustralia, Alan Villiers, alisafiri na jahazi kubwa la Kikuwait katika msimu wa 1938 hadi 1939, akaliandikia kitabu chake Sons of Sindbad kilichotoka 1940. Shihr walipandisha abiria zaidi ya mia, masikini wa Mungu, wakalala juu ya shehena kwa wiki kadhaa, kila mmoja na mkeka wake, wakielekea Afrika ambako kuna binamu, au kuna mtu aliyewahi kumjua binamu.

Kilichowasukuma kilikuwa njaa. Hadhramaut ilikula jasho la watoto wake waliokuwa ughaibuni, hasa Java na Singapore. Wajapani walipoziteka nchi hizo mwaka 1942, fedha zikakatika, mvua nayo ikagoma, na bonde likapatwa na njaa ya kuua mwaka 1943 na 1944, kisha tena 1948 na 1949. Afrika Mashariki ikawa mlango uliobaki wazi. Hata hivyo hawakuwa wengi. Sensa ya 1948 iliwahesabu Waarabu kama 11,000 tu katika Tanganyika nzima, nchi iliyokuwa na Waafrika zaidi ya milioni saba. Ndiyo maana "kwa Mwarabu" ilitosha kuwa anwani. Kijijini alikuwa mmoja.

Hakuanza na duka. Dar es Salaam Mshihiri alichota maji na kuwauzia watu majumbani, alibeba magunia bandarini, alitembeza buli la kahawa lenye makaa chini yake akigonganisha vikombe ili wateja wamsikie. Alilala chumba kimoja na wenzake wanane. Baada ya miaka miwili mitatu alikuwa na akiba kidogo na, lililo kubwa zaidi, alikuwa na mdhamini. Mdhamini ndiye aliyemwingiza Uhindini kwa mwenye duka la jumla, akapewa majora ya kaniki, debe la mafuta, gunia la chumvi na miche ya sabuni, vyote kwa mkopo. Kwa hiyo yule tuliyemwona anatudai sote, naye alikuwa akidaiwa. Deni lilianza kwa matajiri wa Bombay, likaja kwa Mhindi wa Dar es Salaam, likapanda milima ya Pugu na Mshihiri, likaishia katika chungu cha mama yangu.

Biashara haikuingia Uzaramo na Mshihiri. Kabla ya reli na kabla ya Wajerumani, nchi hii ilijulikana katika masoko ya dunia kwa sandarusi, utomvu wa kale wa miti uliogandia ardhini. Richard Burton na John Speke walipopita Uzaramo mwaka 1857 wakienda bara waliwakuta watu wakiichimba. Ilipelekwa pwani, ikanunuliwa na mawakala wa Unguja, ikasafirishwa hadi Salem, Marekani, ikawa vanishi ya kung'arisha samani na magari ya farasi. Waliolipwa walilipwa nguo, na nguo ile tukaiita kwa nchi ilikotoka: merikani. Sultani Majid bin Said alipoanza kujenga Dar es Salaam kwenye miaka ya 1860, jirani na Mzizima, alikuwa na shabaha ya kuivuta biashara ya bara ije kwenye bandari yake mwenyewe.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu vya kusifu wageni hulipita kimyakimya. Jina "Mwarabu" halikuja kijijini likiwa safi. Misafara ya pwani ilibeba watumwa, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi 1873. Kisha Wajerumani, waliohamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, wakaona ni rahisi kuwatawala watu kwa kuwatumia maakida, na wengi wa maakida hao walikuwa Waarabu na Waswahili wa mwambao. Akida ndiye aliyekusanya kodi na kuwasukuma watu kwenye mashamba ya pamba. Maji Maji ilipolipuka Umatumbini Julai 1905, aliyeandamwa mwanzoni kabisa alikuwa akida Mwarabu wa Kibata, Sefu bin Amri. Vita vile vilifika Uzaramo pia, na maduka yaliporwa bila kuuliza mwenye duka ni mwema au mbaya. Mzee aliyeyaona hayo akiwa kijana alikuwa bado hai wakati Mshihiri wa kwanza wa Mlandizi anatundika mizani yake. Hakusahau. Alimtazama kwanza.

Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka huohuo wa 1905, ikafika Morogoro mwishoni mwa 1907, ikipita Pugu, Soga na Ruvu. Treni iliposimama watu walikusanyika, na watu walipokusanyika mtu alitandika mkeka akauza.

Basi turudi kwenye lile daftari.

Sikilizeni maneno ya kaunta yetu: bei, deni, faida, hasara, rehani, amana, dalali, ratili, mizani, daftari lenyewe. Yote yamepita kinywani mwa Waarabu. Hata neno biashara limeunganishwa kutokana na kuuza na kununua kwa Kiarabu. Tajiri kwao ni mfanyabiashara tu. Sisi tumemfanya mwenye mali nyingi, na tumefika hadi kumwita tajiri kila mwajiri. Lakini neno la kukopa ni letu wenyewe. Kukopa na kukopesha tulikuwa nako kabla ya majahazi. Alichokileta mgeni ni maandishi: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkulima wa Kisarawe hupata fedha kwa msimu. Korosho huanguka kuanzia Oktoba, nazi hukwewa kila baada ya miezi kadhaa, na katikati kuna miezi mirefu ya mihogo mitupu. Katika miezi hiyo mtoto huugua, mwali hutolewa, mtu hufa na sanda hutakiwa. Benki haikuwepo. Alikuwepo Ami. Alitoa chumvi Machi, kaniki Mei, sanda wakati wowote, na Novemba akapokea korosho kwenye mizani yake mwenyewe kwa bei aliyoitaja yeye mwenyewe. Deni likiwa kubwa mtu aliweka rehani minazi, kwa kuwa pwani mti una mwenyewe hata kama ardhi ni ya ukoo. Mwenye duka alikwea na kula nazi mpaka deni liishe, na wakati mwingine deni halikuisha, mti ukazeeka mikononi mwake. Huo ulikuwa unyonyaji, na silitafutii neno jingine. Baba yangu alipoteza minazi saba kwa njia hiyo.

Serikali ya Kiingereza iliona, ikatunga mwaka 1931 sheria ya kubana mikopo kwa wenyeji: deni la bidhaa alilokopeshwa Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani ila liwe limeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Kwenye karatasi sheria ilimlinda mkulima. Vijijini ilifanya jambo ambalo watunzi wake hawakulikusudia. Mwenye duka hakuacha kukopesha, maana angeacha angefunga. Ila sasa hakuwa na hakimu. Ili alipwe ilimbidi ajulikane, aheshimike, ahudhurie misiba, ajue nani ni mtoto wa nani na nani akisema "msimu ujao" anamaanisha. Daftari lake lilikuwa na nguvu ya ujirani tu. Mgeni asiyeweza kushitaki hana budi kuwa mtu wa mahali.

Na njia ya kuwa mtu wa mahali ilikuwa kuoa.

Wengi walikuja peke yao, wakiwa vijana. Mke wa Hadhramaut, kama yupo, alibaki bondeni na mama mkwe. Huku kijana akaoa binti wa Kizaramo, na hapo ndipo mambo yakawa na utamu na uchungu wake. Mwarabu huhesabu nasaba kwa baba: mtoto ni wa baba yake, hata mama awe nani. Mzaramo huhesabu ukoo kwa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mkubwa wake katika ukoo ni mjomba. Kwingineko duniani mtoto wa ndoa ya watu wawili tofauti mara nyingi hukataliwa na pande zote. Wetu alidaiwa na pande zote. Nalitumia neno hili kwa makusudi. Kiswahili chetu hutumia kudai kwa mtu anayesema "huyu ni wangu" na kwa mtu anayesema "nilipe". Mtoto wa duka alikuwa ameandikwa katika madaftari mawili.

Baba akampa jina refu la kiukoo na kumpeleka chuoni. Mjomba akasimamia kuchezwa kwake ngoma, akatajwa kwenye mahari ya dada zake, akagawa shamba la bibi. Nyumbani baba alikula wali kwa papa aliyetoka kwao, na mama alipika ugali wa mhogo kwa kisamvu. Mtoto akala vyote viwili. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kiswahili chenye Kizaramo ndani, na Kiarabu kikabaki cha sala na cha daftari. Kizazi cha tatu hakikuweza hata kulisoma lile daftari.

Dini ilisaidia, ingawa si kwa namna inayodhaniwa. Wenye maduka hawakuwa wahubiri. Uislamu ulienea Uzaramo kwa walimu Waswahili na kwa tariqa, zaidi katika miongo iliyofuata Maji Maji, wakati huohuo Walutheri wa Kijerumani wakiendeleza kanisa lao Kisarawe na Maneromango. Lakini Mshihiri ni Shafii, na sisi ni Shafii. Aliingia msikiti uleule, akafunga mikono kifuani kama jirani yake, akasimama safu moja naye. Mmanga wa Ibadhi alisali mikono chini, na hilo peke yake lilitosha kumfanya aonekane mgeni kwa miaka ishirini zaidi. Naona ndiyo sababu moja ya Washihiri kuyeyuka katika vijiji vyetu upesi kuliko Wamanga.

Lakini mlango wa ndoa ulifunguka upande mmoja. Baba yule yule aliyeoa Mzaramo hakumpa Mzaramo binti yake. Aliitaja kufuu, kwamba mume awe sawa na mke kwa nasaba, na nasaba haikuweza kuthibitishwa na mtu ambaye babu yake hakutoka Arabuni. Nawajua vijana walioumia kwa hilo, na nawajua mabinti waliozeeka ndani wakisubiri binamu ambaye hakuja. Wajomba zao walikaa barazani, wakanywa kahawa na shemeji yao, na wakati wote walijua kwamba damu yao ilifaa kuzaa mabinti wale lakini haikufaa kuwaoa. Katika yote niliyoyasikia nikikusanya habari hizi, hili ndilo ambalo watu walilisema kwa sauti ya chini.

Uhuru ulipokaribia swali likawa la nchi nzima. Oktoba 1961 wabunge wengine walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika peke yao, na Julius Nyerere akakataa kwa ukali, akisema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuukubali ubaguzi huo. Sheria iliyopita ilimpa uraia moja kwa moja aliyezaliwa nchini kama angalau mzazi wake mmoja alizaliwa nchini. Itazameni sheria hiyo kutoka mlango wa duka la Mlandizi. Tarehe 9 Disemba 1961 mke aliamka raia, na watoto waliamka raia kwa sababu ya mama yao. Baba, aliyezaliwa Shihr, ilimbidi aombe. Kwa mara ya kwanza dola ilihesabu watu wa nyumba ile kwa hesabu ya mjomba.

Kilichofuata nitakipita haraka, maana maumivu yake yameelezwa kwingi. Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 yaliwatia hofu hata Waarabu wa bara ambao hawakuwahi kukanyaga Unguja. Azimio la Arusha la 1967 likalifanya neno "bepari" kuwa tusi, na katuni ya bepari ilivaa kanzu mara nyingine. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka Oman mwaka 1970 akawafungulia mlango Waomani wa Afrika Mashariki, na wenye jamaa Maskati wakaondoka. Mshihiri hakuwa na sultani wa kumwita. Kati ya 1973 na 1976 watu walihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, wengine mbali na mikorosho yao. Korosho za nchi, zilizofikia tani 145,000 msimu wa 1973/74, zikaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na ya kijiji yachukue nafasi. Agizo lililegezwa baadaye, kwa kuwa rafu za maduka mapya zilikuwa tupu, lakini Ami wetu alikwisha kuondoa mizani ukutani. Alihamia Dar es Salaam, upande wa Kariakoo. Mkewe alikataa kumfuata. Alibaki kwenye shamba la ukoo wake, na watoto wakawa wanakwenda na kurudi kwa basi.

Siku hizi ukipita Maili Moja, Kongowe, Visiga, au ukipanda Kisarawe mjini, mwenye duka ni "Mangi". Ni cheo cha watawala wa Kichaga kilichogeuka jina la muuza sukari na vocha, kama ami alivyogeuka zamani. Naye alikuja na mdhamini, naye hulala nyuma ya duka, naye huandika. Rehani ya korosho ipo pia, sasa inaitwa kangomba na imepigwa marufuku: mtu hununua korosho kabla ya msimu kwa bei ya njaa. Kina mama hukopa "kausha damu" kutoka kwa vijana wa pikipiki wasiojua hata jina la kijiji, na wakishindwa kulipa hubebewa godoro na jiko la gesi mchana kweupe. Kwala, hapa Kibaha, imejengwa bandari kavu, na Wachina wenye viwanda wameanza kuzoea mihogo yetu. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 husimama Soga na Ruvu kama ile ya 1907.

Ami alifariki Dar es Salaam, mzee sana. Jamaa zake wa Kariakoo walitaka azikwe mjini. Wakaja wajomba wa watoto wake, wazee wawili na kijana mmoja, kwa daladala, wakakaa kitako mkekani wakasema kwa upole kwamba mkewe yuko shambani na kaburi lake limekwisha kupimwa. Hawakupandisha sauti. Mwili ukaletwa Mlandizi alasiri.

Kabla ya jeneza kunyanyuliwa, mwanawe mkubwa alisimama mbele ya watu kama desturi ilivyo. "Anayemdai marehemu aje kwetu, tutalipa. Na wale aliokuwa akiwadai, ametuusia kwamba amewasamehe wote."

Watu walinyamaza. Kutoka upande wa kina mama akasogea bibi mmoja, amejitanda kanga, anakokota mguu. Alipofika karibu akafungua fundo kwenye pindo la kanga akatoa noti iliyokunjwa mara nne. Akasema ni ya sukari, aliichukua kabla duka halijafungwa, kilo moja na nusu. Kijana akamwambia, "Bibi, amesamehe." Bibi akatikisa kichwa, akaushika mkono wake, akaiweka noti kiganjani, akavifunga vidole vyake kimoja kimoja.

"Yeye amesamehe," akasema. "Mimi sijalipa."